Aliyeunguza Chakula cha Krismasi, Ujiji 1871

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe, halafu ndo tuingie kwenye historia. Vumilieni kidogo, vitu hivi viwili vinakutana mbele.

Krismasi ya mwaka juzi tulikuwa kwa bibi, Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Ukoo mzima. Waliotoka Dar kwa treni, waliotoka Mwanza kwa basi, watoto na nguo mpya, mvua nayo haitaki kukata. Mpishi ni shangazi yangu, kama kila mwaka. Hakuna aliyewahi kumteua, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amechoka. Yeye ndo anapika, basi.

Siku hiyo kaamka saa kumi usiku. Mkaa ulikuwa umelowa. Jikoni peke yake, sisi vijana tumelala kwa sababu usiku tulikuwa kwenye mkesha, na baada ya mkesha tulikuwa kwenye mambo mengine ambayo siyaandiki hapa. Pilau ya watu zaidi ya thelathini kwenye sufuria moja, kaipalia makaa juu ya mfuniko, huku anakimbilia kuku, huku anaitwa na bibi, huku mtoto wa mtu analia. Ikaungua. Sio ule ukoko mtamu ambao watoto wanaugombania, hapana. Iliungua mpaka moshi ukapanda juu, kila punje ikanukia moshi.

Mimi nikafanya nini? Nikatoa simu, nikapiga picha ile sufuria, nikaweka stetasi: "Krismasi ya mwaka huu tunakula mkaa." Na vikatuni vya kulia kwa kucheka, vinne. Ndani ya saa moja ilikuwa imeshafika kwenye grupu la familia, binamu wa Arusha kaituma kwa binamu wa Dodoma, mtu kaiwekea muziki. Yaani ilitembea.

Shangazi simu yake ni ya tochi, haoni stetasi ya mtu. Ila kuna mtu alimwonyesha. Hakusema neno. Aliosha ile sufuria mpaka ikang'aa, akajifunga khanga, akaondoka kabla ya chai ya jioni.

Mwaka jana hakupika. Alikuja saa nane mchana na kreti ya soda, akakaa nje chini ya mwembe mpaka jioni. Pilau tulimlipa mtu akatupikia. Haikuungua, na leo hakuna anayeikumbuka.

Sasa twende kwenye historia.

Mwezi wa kumi mwaka huu nilikuwa nasoma kitabu cha Henry Morton Stanley, yule mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kuja kumtafuta David Livingstone. Kitabu kilitoka 1872, mtandaoni kipo bure. Kiingereza chake ni cha zamani, nilikuwa nasoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja nusu saa. Wote tuliosoma shule za huku tunaijua ile stori ya Ujiji: Novemba 1871, mzungu kamkuta mzungu mwenzake, salamu ya kofia mkononi, picha kwenye kitabu cha historia, mtihani, tumemaliza. Ila hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba hao watu walikula Krismasi pamoja. Na kwamba chakula kiliungua.

Basi bwana, ilikuwa hivi. Desemba 25, 1871, Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Stanley ametoka kuugua homa, imemwachia usiku uliopita tu, mwili hauna nguvu. Lakini yeye na Livingstone walishakubaliana kwamba Krismasi lazima iliwe kama kwao. Asubuhi Stanley akajikokota, akavaa, akamwita mpishi wake. Mpishi anaitwa Ferajji, kwa sisi Faraji. Akaanza kumpa somo: leo ni siku gani kwa wazungu, kwa nini ni kubwa, na vitu vipikwe namna gani.

Vifaa vilikuwepo, tusidanganyane. Stanley ameviorodhesha mwenyewe: kondoo wanono wa mkia mnene, mbuzi, pombe, tembo la mchikichi, mayai, maziwa, ndizi, unga laini, samaki, vitunguu, viazi vitamu. Vingine vimenunuliwa soko la Ujiji, vingine vimetoka kwa Mwinyi Kheri, mkubwa mmoja wa mji ule. Ukiiangalia hiyo orodha unaona kabisa soko la Kigoma la leo, toa tu nyanya na mafuta ya kupikia ya dumu.

Kikaharibika. Nyama ya kuchoma ikaharibika, kastadi ikaungua. Stanley anaandika kwamba Faraji alinusurika kipigo kwa sababu moja tu: mgonjwa hakuwa na nguvu ya kunyanyua mkono. Halafu anamshushia maneno. Mnene, mzembe, kichwa kigumu. Anamalizia kwamba Faraji alicheka chini chini, na anahisi hicho chakula kilichoharibika Faraji alikuja kukila mwenyewe kwa raha zake.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Kwa sababu hiyo ni stetasi. Ni ile ile. Mtu kaharibikiwa jikoni, mwenye kalamu kamwanika, dunia imecheka. Tofauti ni kwamba yangu ilifutika baada ya saa ishirini na nne. Ya Stanley ina zaidi ya miaka mia na hamsini, bado ipo.

Hebu sasa tumwangalie Faraji kwa jicho la jikoni. Mtu anaambiwa asubuhi kwamba leo ni sikukuu, sikukuu ambayo ilibidi aelezwe ni ya nini. Anaambiwa apike kastadi. Kastadi, wadau! Mayai na maziwa yanayotaka moto mdogo, wa kuhesabu. Mtu yeyote aliyewahi kupikia kuni anajua moto wa kuni hauna kitufe. Chakula hajawahi kukila, maelekezo ni ya mdomo kutoka kwa mgonjwa, na akikosea kuna fimbo. Mimi ningeunguza mpaka maji.

Ila Faraji angalau tunamjua jina. Subirini.

Turudi nyuma kidogo tuione hiyo barabara. Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Ugogo, ikaingia Unyanyembe, yaani hapa Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji. Ni zaidi ya kilomita elfu moja, kwa miguu. Stanley alitumia kama miezi mitatu kutoka Bagamoyo mpaka hapa, akafika Juni 1871. Pembe za ndovu ziliteremka pwani, vitambaa na shanga vikapanda bara. Watu pia waliteremka, wamefungwa, kwenda kuuzwa. Tukiisifia hii njia kwa pilau tusisahau hilo, maana vilipita kwenye vumbi moja.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu. Chakula chao cha siku kwa kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu. Kibaba ni kama robo tatu ya kilo hivi. Ndo maana methali inasema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mpagazi kibaba kilikuwa ni siku nzima ya maisha yake. Na hiyo riziki ya safari iliitwa posho. Ndiyo, posho hii hii ambayo leo watu wanaisubiri kwenye semina.

Mwisho wa safari ndefu kama hiyo, Tabora ilikuwa ni mahali pa kula. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wameshajenga hapa, mji ukiitwa Kazeh. Richard Burton na John Speke walipofika Novemba 1857 waliwakuta wanaishi vizuri, wana bustani, wana mchele. Stanley naye alipofika alipokelewa na sinia: wali mwingi, bakuli la kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, vitu vya kukaanga vya moto ambavyo mimi naona kabisa ni ndugu zake maandazi, mapapai, makomamanga, ndimu. Halafu ng'ombe, kondoo, mbuzi na kuku wakaletwa wakiwa hai. Vimebebwa na watumwa. Stanley kahesabu mpaka mikate na mayai. Nani kapika? Kimya.

Siku ile ya Ujiji, alipokutana na Livingstone, hivyo hivyo. Chakula kilitoka nyumba tatu na Stanley kaandika kila sahani ilitoka kwa nani. Maandazi ya nyama yametoka kwa Sayd bin Majid. Kuku wa mchuzi katoka kwa Mohammed bin Sali. Mbuzi na wali vimetoka kwa Mwinyi Kheri. Wanaume watatu, majina matatu. Sasa niambieni, mnaamini Mwinyi Kheri alikaa jikoni akikatakata vitunguu? Kuna mtu alichambua ule mchele. Kuna mtu macho yalimtoka machozi kwa moshi siku ile. Tumerithi chakula chao, majina hatukupewa.

Isipokuwa mmoja, na huyu ndo aliyenifanya niandike leo.

Anaitwa Halima. Alikuwa mpishi wa Livingstone. Siku ya ule ugeni wa Ujiji, Stanley anamwonyesha akichungulia kutoka jikoni kuhakikisha kweli wazungu ni wawili. Kwa muda mrefu mzee alikuwa hali vizuri, na Halima alikuwa na wasiwasi kwamba mapishi yake hayathaminiwi. Ghafla watu wanakula na kuongeza, naye anashangaa kwa furaha. Kila mtu aliyewahi kupikia wageni wa ghafla anaijua hiyo hali.

Baada ya ile Krismasi iliyoungua, Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji tarehe 27 Desemba, wakafika Unyanyembe Februari 1872. Machi Stanley akaenda zake pwani. Livingstone akabaki Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, mpaka Agosti, akisubiri wapagazi. Ile nyumba ya udongo ipo, ndo makumbusho tuliyopelekwa na shule, tukapiga picha, tukarudi. Hakuna kati yetu aliyeuliza jiko lilikuwa upande gani.

Hapo Kwihara, Halima aligombana na mwanamke mwenzake wa msafara, akaondoka. Livingstone akatuma barua kumtafuta. Lakini Halima akarudi mwenyewe. Akafika, akasimama nje. Hakuingia. Livingstone ameandika kwenye shajara yake kwamba alichotaka ni kitu kimoja tu: yeye atoke nje amwambie aingie. Akatoka, akamwambia.

Siku hiyo hiyo mzee akaandika sifa zake. Kwamba tangu ampate hajawahi kumkemea hata mara moja, ni mwangalifu, ana akili, haibi wala hamruhusu mumewe aibe. Kwamba katika msafara wote hakuna wa kumzidi. Na akaandika ahadi: nitampa uhuru, na tukifika Zanzibar nitamnunulia nyumba na shamba dogo. Ndiyo, uhuru. Huyu mwanamke anayesifiwa alikuwa bado si mtu huru.

Zanzibar hawakufika pamoja. Krismasi ya 1872 iliwakuta kwenye mvua na matope ya upande wa Ziwa Bangweulu, Zambia ya leo. Livingstone alichinja ng'ombe, akagawa shanga kwa kila mtu, wakapumzika siku hiyo kwa sababu ni siku kuu. Ndiyo ilikuwa Krismasi yake ya mwisho. Mei 1873 akafariki. Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili, wakaubeba, wakapita nao hapa hapa Unyanyembe, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Halima alikuwa kwenye huo msafara, mpaka Zanzibar. Mwili ukaenda kuzikwa London kwa heshima zote, Westminster Abbey, Aprili 1874.

Na nyumba ya Halima? Shajara ilipochapishwa, mhariri aliongeza maelezo mafupi chini ya ukurasa: kwamba inasikitisha, kifo cha bwana wake kimemwacha bila malipo yoyote kwa utumishi wa miaka yote hiyo. Mistari miwili hivi, chini, kwa herufi ndogo. Ndiyo malipo.

Sasa mtu ataniuliza, hayo yanahusiana vipi na Krismasi yetu sisi? Yanahusiana sana. Ile Krismasi ya 1871 ilikuwa ya watu wawili, mpishi alipewa somo asubuhi. Baadaye dini ilikuja kwa njia hiyo hiyo ya misafara. White Fathers walipanda kutoka Bagamoyo mwaka 1878. Urambo wamisionari wa Kiingereza walianza 1879, Wamoravian wakapokea mwaka 1898. Reli ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914, na mizigo ikashuka kwenye mabega ya watu ikapanda kwenye behewa. Sikukuu ambayo Faraji aliisimuliwa ikawa yetu, ya ukoo, ya mkesha na nguo mpya.

Na angalieni meza yenyewe ya kwa bibi. Pilau na mchele vimepanda kutoka pwani na misafara. Migebuka imeletwa na wa Kigoma, imekaushwa. Matobolwa na michembe ni vya kwetu wenyewe, viazi vilivyokuwa vinangoja njaa. Karanga, asali ya msituni. Maembe, kwa sababu Desemba ndo msimu wake, na ile miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji wazee wanaihusisha na misafara. Halafu sahani zinafunikwa kitambaa, mtoto anatumwa apeleke kwa jirani Mwislamu, kama wao walivyotuletea Idi. Hii meza ni barabara nzima, kutoka bahari mpaka ziwa. Na kila kituo cha hiyo barabara kulikuwa na mtu ameinama kwenye mafiga ambaye hatumjui.

Kiukweli ndo kilichoniuma. Historia ya sikukuu inaandikwa na waliokaa mezani. Aliye jikoni anaingia kwenye stori akiunguza tu. Akipika vizuri miaka ishirini, haandikwi. Akiunguza siku moja, anaandikwa. Stanley alifanya hivyo na kalamu, mimi nimefanya na simu. Nina picha zaidi ya elfu mbili za sikukuu za kwetu kwenye simu yangu. Nilikaa nikazipitia zote. Kuna kuku, kuna keki, kuna viatu vyangu. Picha ya shangazi akiwa anapika, hamna hata moja. Ipo ile ya sufuria tu.

Jumapili iliyopita nikaenda kwake. Nilimkuta anachambua maharage uani. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuchambua na mimi. Nikamwambia stori ya Faraji, yote, mpaka ile ya kastadi. Hakucheka. Nikamwambia ya Halima, kwamba alirudi akasimama nje akingoja aambiwe ingia. Hapo akaacha kuchambua.

Nikasema, "Shangazi, ile picha ilikuwa ujinga wangu. Nisamehe. Krismasi hii karibu ndani."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Huyo mama nyumba yake alipewa?"

Nikamwambia hapana, hakupewa.

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye maharage. "Nitakuja," akasema. "Lakini saa kumi usiku wewe ndo unawasha moto. Na mkaa uufunike mapema, usilowe."

Kwa hiyo Krismasi hii msinitafute usiku. Baada ya mkesha nitakuwa jikoni kwa bibi, nimefunika mkaa kwa turubai, nasubiri maelekezo.

Na ninyi wadau, kwenu nani anapika? Sio "mama" tu, sio "dada wa kazi" tu. Kamuulizeni leo mnaweza kumsaidia nini. Na kama ameshatangulia mbele ya haki, tuandikieni hapo chini alipika nini, tukijue na sisi. Heri ya Krismasi.